Mbao Mbichi za Mafinga

Kilichonipeleka Mafinga ni mlango. Niliuchongesha Dar es Salaam kwa mbao za paini, ukafungwa ukakaa sawa. Haikupita miezi miwili ukajipinda, kitasa hakishiki tena. Fundi aliugusa akatikisa kichwa: "Dada, mbao ilikuja mbichi." Nikataka kuona inakotoka.

Nilipanda Coaster alfajiri pale Iringa mjini. Tulipoipita Ifunda, baridi ilipenya madirishani, na kadiri tulivyosogea ukungu ulizidi kulala juu ya misindano. Shamba la Sao Hill, hapa wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Miti ya majaribio ilipandwa 1939, na leo eneo lake linapita hekta 130,000. Tena kando yake kuna miti ya wanavijiji, wengi wao wakiikata ingali michanga kwa sababu ya ada za shule.

"Kamwene," niliwasalimu vijana wa dingdong, mashine ndogo ya kuchania mbao. Wakaitikia bila kuacha kusukuma gogo. Msumeno wa duara ulikuwa mnene. Kila ulipopita, karibu nusu sentimita ya mti iligeuka unga. Nyuma yao mabanzi yalikuwa yamerundikana hadi kimo cha paa. Mbao zilizochanwa asubuhi zilikuwa zinapakiwa jioni ile ile. Nilishika moja: nzito, viganja vikalowa, vikanukia utomvu.

Kwenye kiwanda cha plaiwudi gogo lilimenywa kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, likatoka shuka jembamba refu. Nje, akina mama walikuwa wanaanika vipande vyake kwenye vichanja. "Jua la hapa ni la kuvizia," mmoja aliniambia. "Ukungu ukirudi tunakimbia navyo ndani." Vikikauka hupakwa gundi, hupangwa kwa kupishanisha nyuzi, kisha hushindiliwa kwenye mashine ya moto. Hata gogo jembamba, ambalo kwa msumeno lingetoa mbao mbili tatu tu, humenywa hapo.

Lakini nilichokifuata nilikikuta kwenye karakana ndogo yenye tanuri la kukaushia. Mbao zilipangwa zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Fundi alichomeka kipima unyevu chenye pini mbili; kikasoma asilimia 13. Akanipa ile mbao niinyanyue. Nyepesi! Mti ni ule ule, kijiji ni kile kile, ila hii inaweza kuwa meza au kabati. Naamini kwa dhati Mufindi ingeanzia hapa, kwenye ukaushaji, kabla ya kuagiza mashine kubwa. Kinachosafirishwa sasa kwa malori usiku kucha ni maji, na mkulima ndiye anayeyalipia nauli.

Nilimpa vipimo vya mlango wangu. Alitazama rundo lililoletwa asubuhi, akalipapasa.

"Hizi bado, dada. Nipe mwezi na nusu."

Nikaacha malipo ya awali.