Ndege Hii ni ya Nani?

KINDU – Familia zilizokimbia vita vya Kivu zikasikia ndege, mazungumzo yanakatika na macho yanapanda juu. Wenyeji wa Maniema wanashangaa. Lakini swali lao ni la zamani katika mji huu: ndege hii ni ya nani?

Tarehe 11 Novemba 1961 swali hilo lilijibiwa vibaya hapa hapa. Waitaliano 13 wa Umoja wa Mataifa walitua na ndege mbili, wakiwaletea vifaa askari wa Malaya. Wanajeshi waliokuwa mjini wakadhani ni Wabelgiji waliotumwa na Katanga ya Tshombe. Wakawaua wote.

Novemba 1964 hakuna aliyehitaji kuuliza. Ndege za B-26, zikirushwa na Wakuba waliolipwa na CIA, zilisaidia msafara wa mamluki na jeshi la serikali uliopanda kupitia Kibombo. Wasimba walikuwa na bunduki, mikuki na dawa ya maji. Ndege, hata moja! Mji ukaanguka. Hata mwaka 2013 hesabu ilikuwa ile ile: helikopta za serikali na za MONUSCO zilipiga vilima vya Chanzu na Runyonyi, M23 ikatoroka.

Sasa hesabu hiyo imevunjika. Januari 2023 Sukhoi-25 ya FARDC ilipigwa kombora karibu na mpaka, ikatua Goma ikiwaka moto. Rwanda ilisema ndege hiyo iliingia anga yake. Mwaka 2025 M23 ikachukua kiwanja cha ndege cha Goma mwezi wa kwanza, halafu Kavumu tarehe 14 Februari. Droni kubwa za jeshi haziruki bila kiwanja, kwa hiyo anayekiteka anazikata mabawa bila kurusha ndege yake. Na droni ndogo haina haja ya kiwanja. Mtu anaibeba mgongoni.

Ndiyo maana kiwanja cha Kindu kina uzito mpya, na si wote wanaoufurahia. Penye kushuka dawa ndipo wanaposhuka askari. Kwenye kioo cha droni, gunia la mchele na sanduku la risasi vinafanana sana.

Wakuu wa mitaa wanajua kutangaza salongo nyumba kwa nyumba. Wangetangaza na hili, hasa kwa wanaolala karibu na kiwanja: mlio ukisikika usiku, watoto wapelekwe wapi, na taa zizimwe au ziachwe.