Mahindi Pande Zote na Hakuna Anayechoma

Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Chicago hadi St. Louis ni 480 hivi. Mume wangu alipiga hesabu hiyo usiku wa kuamkia safari, sebuleni kwa dada yake, akatangaza kwamba kesho tunakwenda Dodoma. Wifi yangu hakucheka. Ameishi Chicago miaka mingi, na barabara ya Morogoro ameshaisahau.

Kwa umbali, ni kweli tulikwenda Dodoma. Lakini ukitoka Dar, mji haukuachi. Kibaha, Mlandizi, Chalinze: kila mahali kibao cha 50, kila mahali matuta, na mbele ya matuta yupo trafiki wa nguo nyeupe amejibanza chini ya mwembe na tochi yake. Barabara kuu ya I-55 inakutoa Chicago na kukuachia nchi tupu. Nje ya jiji mwisho wa mwendo ni maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113, na barabara haikatizi katikati ya mji wowote. Miji unaiona kwa mbali, mnara wa maji na maghala marefu ya nafaka, kisha kibao kinakuelekeza pa kuchepukia, na ukisita umeshaupita. Hakuna anayevuka. Hakuna baiskeli iliyobeba mkaa. Ilipita saa nzima sijaona binadamu asiyekuwa ndani ya gari.

Nilichoona ni mahindi. Illinois ni ya pili kwa mahindi Marekani, nyuma ya Iowa, na mwezi wa saba yanasimama kulia na kushoto, yakipokezana na soya, mpaka macho yanachoka kuyatazama. Kwenye njia yetu ya Dodoma kuna Kibaigwa na soko lake la mahindi, na huwezi kusimama mahali kama pale ukakosa mtu anayepepea jiko la mkaa. Huku nilikaa mkao wa kula bure. Kilomita mia na zaidi za mahindi, na hakuna hata mama mmoja mwenye hindi la kuchoma, chumvi na limao.

Jibu nililipata kwenye kituo cha mafuta. Pampu ilikuwa na kibandiko kinachosema kwamba petroli hiyo imechanganywa na ethanoli, hadi asilimia 10, na ethanoli ya Marekani hutengenezwa kwa mahindi. Zaidi ya theluthi ya mavuno ya nchi nzima huishia huko, na sehemu nyingine kubwa huliwa na ng'ombe, nguruwe na kuku. Yale mashamba tuliyokuwa tukiyapita asubuhi nzima si chakula cha mtu. Ni mahindi magumu, ya kiwandani na ya mifugo. Mume wangu alikaa kimya kidogo, halafu akasema kwa hiyo gari limekula ugali, sisi bado.

Kituo chenyewe hakina mtu wa kukujazia. Hakuna wa kumwambia "jaza" ukaendelea na simu yako. Pampu ikataka namba ya posta ya mwenye kadi, namba ya Kimarekani ya tarakimu tano, ambayo kadi ya benki ya Dar haina. Kwa hiyo unaingia ndani na kulipa kwanza, kabla hujajua tangi linahitaji kiasi gani. Dada wa kaunta aliniambia nitoe dola 50, zikibaki atanirudishia. Zikabaki, akanirudishia. Huo uaminifu nimeuandika kwenye daftari, pamoja na vyoo vya vituo vya mapumziko: vya serikali ya jimbo, bure, safi, na maji baridi ya kunywa ukutani. Mtu aliyewahi kushushwa na basi la mkoani akachimbe dawa kwenye miiba, huku konda anapiga honi, ataelewa kwa nini nilipiga picha choo.

Tulikuwa tumekubaliana kushika I-55 tu pale tunapochelewa. Njia tuliyoijia ni ile ya zamani, Route 66, iliyopewa namba yake mwaka 1926, kutoka Chicago hadi ufukwe wa Pasifiki huko California, kilomita zinazokaribia 4,000. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu mpya za majimbo yote, na kipande kwa kipande zile mpya zikaimeza ya zamani, hata mwaka 1985 namba 66 ikafutwa rasmi. Huku Illinois vipande vyake vingi bado vipo, vingine vinakwenda sambamba na I-55 kabisa, umbali wa kurusha jiwe. Unaendesha peke yako kwenye lami yenye viraka, na pembeni yako malori yanapita kama nyuki.

Odell ndipo nilipoielewa. Ni mji mdogo, mtaa mmoja wa maana, na kituo cha mafuta cha mwaka 1932 kilichokarabatiwa na kufanywa makumbusho. Mafuta hakiuzi tena. Hatua chache kutoka hapo unaona mabaki ya njia iliyochimbwa chini ya barabara mwaka 1937. Magari ya Route 66 yalikuwa mengi kiasi kwamba watu walishindwa kuvuka kwenda kanisani, na watoto kwenda shule, ikabidi wapitie ardhini. Nilisimama katikati ya barabara hiyohiyo, mchana kweupe, nikafunga kamba za viatu, mguu mmoja kisha wa pili. Hakuna gari lililopita.

Kwa mtu wa kwetu hili si historia ya mbali. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, abiria wengi wa basi wamehamia huko, na treni haisimami ili mtu anunue korosho dirishani. Chalinze haijafa, malori bado yapo, na sisemi itakuwa Odell. Lakini nimeshamsikia muuza machungwa wa pale akihesabu mabasi, na hesabu yake haikuwa ya furaha. Wamarekani waliipata kasi waliyoitaka, na naikubali, maana mimi mwenyewe nilipanda treni hiyo na sina hamu ya kurudi kwenye basi. Ila kasi inapohama, anayebaki pembezoni haulizwi. Odell walipewa makumbusho.

Wifi alitupa maagizo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha watalii. Polisi akiwasimamisha, kaka, usishuke. Zima gari, shusha kioo, mikono yote juu ya usukani, usipekue droo kutafuta leseni mpaka akuambie. Kwetu dereva hushuka, "habari za kazi, afande," akaenda nyuma ya gari kuzungumza. Huku kushuka kunaweza kusomwa vibaya, na kwa mwanamume mweusi zaidi. Mume wangu aliyasikiliza kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara, na kila tulipoona gari la polisi mikono yake ilipanda juu ya usukani yenyewe.

Zamani maagizo hayo yalichapwa. Mwaka 1936 tarishi mmoja wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kutoa kitabu cha mwaka chenye orodha ya hoteli, nyumba, migahawa na vituo vya mafuta ambako msafiri mweusi angepokelewa bila kutukanwa. Kiliendelea kutoka hadi katikati ya miaka ya 1960. Springfield ya Illinois ilikuwamo, kupitia nyumba za watu waliokubali kulaza wageni. Barabara tunayoimbiwa kuwa ni ya uhuru ilikuwa na miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ameshatoka kabla ya jua kuzama.

Na Springfield ni mji wa Rais Lincoln. Nyumba yake ipo, ukumbi, ngazi, jiko, na kuingia ni bure. Kaburi lake liko makaburi ya Oak Ridge, na mbele yake kuna kichwa cha shaba kilichochongwa na Gutzon Borglum, yule wa nyuso za Mlima Rushmore. Pua yake imeng'aa kwa kusuguliwa na wageni wanaotafuta bahati. Mume wangu alisugua. Mimi sikusugua, kwa sababu asubuhi tulikuwa tumesoma habari za Agosti 1908, wazungu wa mji huohuo walipochoma nyumba na maduka ya weusi na kuua wanaume wawili weusi. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la NAACP la kutetea haki za weusi, kwa sehemu kubwa kwa hasira ya jambo hilo. Eneo la tukio hilo lilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2024 tu. Pua ya Lincoln ilikuwa imeng'aa siku nyingi.

Chakula cha Springfield ni kiatu cha farasi, ndivyo kinavyoitwa: mkate wa kubanikwa, juu yake nyama, juu yake chipsi, juu yake rojo la jibini. Anayeidharau chipsi mayai na aje aone. Bili ilikuja na kodi ambayo haikuwa kwenye menyu, kisha ukatarajiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20 kwa mhudumu. Nilitaka kulalamika mpaka niliposoma kwamba sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepewa bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango kilekile tangu 1991. Majimbo mengine, Illinois likiwemo, yameweka zaidi. Niliacha asilimia 20 na kinyongo kidogo, si kwa dada yule.

Mto Mississippi tuliuvuka kwa miguu. Daraja la Chain of Rocks lilifunguliwa mwaka 1929, lina urefu wa maili moja na ushee, na katikati ya mto linakata kona, jambo ambalo sijaliona kwenye daraja lingine lolote. Daraja la I-270 lilijengwa jirani, magari yakahama, na sasa hili ni la waendao kwa miguu na baiskeli. Huko watu tuliwaona hatimaye: mzee na fimbo ya kuvulia samaki, wasichana wa baiskeli, familia ya Kimeksiko na kapu la chakula. Wote walitusalimu. Kwenye njia kuu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Mbele yetu ni Tulsa, kilomita 640 hivi, mji wa Greenwood, mtaa wa weusi uliochomwa na kundi la wazungu mwaka 1921. Mume wangu ameshaweka I-44 kwenye simu, anasema tutalala huko kesho. Nimeifuta na kuweka Cuba, ile ya Missouri, ambako barabara ya zamani bado inapita katikati ya mji. Ameniuliza tutafika Tulsa lini. Keshokutwa, baba watoto, na uendeshe taratibu.