Kitanda Kiko Kwenye Vanishi

Hata kama hujawahi kukanyaga Keko, huenda kitanda unacholalia kilizaliwa hapa. Sisi huku tunaamshwa na msumeno wa umeme, na vumbi la mbao tunalinywa na chai. Wengine wakisikia Keko wanakumbuka gereza. Mimi nakumbuka harufu ya vanishi, na kwa sababu ya vanishi hiyohiyo niliaibika mchana kweupe mbele ya mama mtu mzima.

Nianze mwanzo. Mimi ni mtunzi, ingawa mpaka leo kitabu changu kinakaa kwenye madaftari matatu chini ya godoro. Shule niliishia kidato cha nne. Mchapaji aliponitajia bei ya nakala mia mbili nilitoka pale miguu haina nguvu. Basi nikaenda kwa mjomba, mwenye karakana ya samani, ambaye nilikwisha kumtengenezea tovuti kwa WordPress, na ambaye alikuwa na shida moja kubwa: simu.

"Fundi, kabati langu limefikia wapi?" Simu kumi kwa siku, swali hilohilo. Na jibu la mjomba ni lile la mafundi wote wa mji huu: "Tunamalizia." Siku moja akachoka.

"Mpwa wangu," akaniambia, "niwekee kidude pembeni ya ile tovuti, mteja aone mwenyewe kazi yake imefika hatua gani. Ukimaliza, nusu ya hela ya kitabu chako iko juu yangu."

Kidude hicho waundaji wa tovuti wanakiita wijeti. Nilivyokielewa mimi ni droo. Tovuti ni kabati. Aliyelitengeneza ameacha nafasi, nawe unachonga droo yako unaichomeka. Kalenda, orodha ya habari mpya, kisanduku cha kutafutia, zote hizo ni droo. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, inakuja na za kwake kadhaa, lakini ya kufuatilia kitanda cha mteja wa Keko haimo. Hiyo unachonga mwenyewe, kwa lugha ya PHP.

Hii PHP mwanzo wake unanifurahisha. Bwana mmoja, Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alianza kuiandika mwaka 1994 ili ajue ni nani wanaofungua ukurasa wenye wasifu wake wa kuombea kazi. Yaani kilichomsumbua ni kilekile kinachotusumbua sisi tunaosambaza barua maofisini: jamani, kuna mtu anasoma kweli?

Sasa kuchonga kwenyewe. Tangu mwaka 2009 WordPress ina kiolezo kinaitwa WP_Widget. Droo yako inarithi kutoka kwake, kama kijana anavyorithi karakana ya baba, halafu unajaza sehemu nne. Ya kwanza inaipa droo jina. Ya pili, widget, inatoa kile anachokiona mteja. Ya tatu, form, inachora fomu anayoijaza mwenye tovuti akiwa ndani. Ya nne, update, inapokea yaliyojazwa, inayasafisha, inayaruhusu kuhifadhiwa. Mwisho unaisajili kwa register_widget, la sivyo itakuwa kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: yupo, lakini hatambuliki. (Kuanzia toleo la 5.8 la mwaka 2021 ukurasa wa wijeti ulibadilishwa, vitu vikawa vya vipande vipande, lakini droo za mtindo huu bado zinaingia.)

Kosa la kwanza nililifanya kwa uvivu. Droo yangu niliigongomelea kwenye faili la functions.php la mwonekano wa tovuti, yaani ile nguo inayovalishwa. Wiki tatu baadaye likatoka toleo jipya la nguo hiyo, nikabonyeza kusasisha, faili zima likabadilishwa, kidude kikayeyuka. Nikaandika upya usiku kucha, safari hii kwenye faili lake peke yake, kama programu-jalizi, ambako tovuti ibadili nguo mara mia kidude kinabaki.

Kosa la pili ni la Kiswahili. Niliandika mstari wa kumwelekeza mteja karakana ilipo, njia ya Chang'ombe, na maneno yote nikayafunga kwa alama za kunukuu za mkato mmoja mmoja. PHP ilipofika kwenye ile ritifaa ya ng' ikadhani sentensi imekwisha! "Ombe" ikabaki nje haina mwenyewe, na tovuti nzima ikazima. Dawa yake ni kutanguliza mkwaju ulioinamia nyuma, au kufunga maneno kwa alama za mikato miwili. Lakini kabla sijaijua dawa nilitafuta saa mbili, na bando likaishia hapohapo. Wewe unayetaka kuandika programu kwa lugha yetu, ng'ombe, ng'ambo na ng'ara wote wanakusubiri.

Basi kidude kikasimama. Kila kazi droo yake: namba ya risiti, na hatua. Kukata, kuunga, msasa, vanishi, tayari. Simu zikapungua kweli. Mjomba akawa anatamba kijiweni kwamba mpwa wake ni mtaalamu, nami nikaanza kufuta vumbi madaftari yangu.

Ndipo kikaja kitanda cha mama mmoja wa Mbagala. Binti yake anaolewa, anataka cha mninga, advansi kaitoa taslimu. Mjomba ile advansi akaizungusha, akanunulia mbao za kabati la mteja mwingine aliyekuwa anamfokea. Jumamosi mama akapiga simu. Mjomba akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza:

"Mpeleke kwenye vanishi."

"Mjomba, mbao zenyewe hazijanunuliwa."

"We peleka tu. Si unasema wewe mtunzi wa hadithi?"

Nikaiwaza ile nusu. Nikabonyeza.

Jumatatu mama akaja na kirikuu na vijana wawili wa kubeba. Mjomba alipoiona ile gari ikiegeshwa, alitokea upande wa nyuma kama moshi. Nikabaki mimi na laptopu yangu.

"Nani anaandika humu?" akauliza, kaninyoshea simu yake.

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaniitikia vizuri tu, na hiyo marahaba iliniuma kuliko tusi. "Sasa mwanangu, hii vanishi mnaipaka wapi, hewani?"

Sikuwa na jibu. Akakaa kwenye benchi, akafuta jasho kwa ncha ya kanga, akasema taratibu: "Fundi akiniambia tunamalizia, najua huyo ni fundi. Hii niliiamini kwa sababu nilijua ni kompyuta."

Ndugu zangu watunzi, katika yale madaftari yangu nimeua watu watatu na kuzamisha jahazi moja, na hakuna aliyekuja na kirikuu kudai maiti. Msomaji wa riwaya amefungua kitabu akijua nitamdanganya, na nikimdanganya vibaya ndipo analalamika. Yule mama hakufungua riwaya. Alifungua droo niliyoichonga kwa mkono wangu, akakodi gari kwa kilichoandikwa humo.

Kitanda chake kilitoka siku mbili baada ya harusi.

Usiku ule nilirudi kwenye ile sehemu ya nne. Update ina jambo moja ambalo mwanzoni nililipita tu: inapewa majibu mawili kwa pamoja, mapya na ya zamani. Inakumbuka ulisema nini jana. Na ikirudisha false, hakihifadhiwi kitu. Nikaongeza nafasi ya picha kwenye fomu, nikaandika mistari sita: kama hatua imebadilika na picha ni ileile ya zamani, kataa. Najua mtu anaweza kupiga picha kitanda cha jirani. Lakini walau atoke, akakitafute. Mjomba sikumwomba ruhusa. Nilimfundisha tu kubonyeza mwenyewe, nikamwambia mimi humo siandiki tena.

Alhamisi akanipigia.

"Mpwa, kidude kimegoma. Nimeweka tayari, kinarudi kwenye msasa."

"Kinataka picha, mjomba."

"Picha ya nini?"

"Ya hiyo kazi."

Akanyamaza. Nikasikia randa inalia nyuma yake, na mtu anaulizia gundi.

"Na ile hela ya kitabu chako," akasema mwishowe, "tunamalizia."