Mshumaa wa Nta na Bei Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa mshumaa ni kitu cha zamani, tangu umeme ulipoanza kufika vijijini na taa za jua zikawa nyingi sokoni. Mimi naona mshumaa haujafa, bali umebadili kazi. Zamani ulikuwa taa ya kila usiku; leo huwashwa umeme unapokatika, na kanisani, na mezani siku ya arusi, na penye msiba. Kitu kinachotumika mara chache watu hutaka kiwe kizuri, na hapo ndipo mtu mwenye mikono miwili na sufuria mbili anapopata nafasi.

Huu ni mwaka wa sita tangu nilipoanza kutengeneza mishumaa nyumbani. Kazi yangu ni ualimu, wala sina nia ya kuiacha. Mishumaa ni shughuli ya jioni za Ijumaa na Jumamosi, kama vile mwenzangu mmoja anavyofuga njiwa na mwingine anavyosuka vikapu. Lakini jambo la kujifurahisha likianza kuuzwa huleta maswali yake, na katika habari hizi nataka kueleza swali moja lililonijia mlangoni, pamoja na kazi yenyewe ilivyo, kwa maana asiyeijua kazi hataona uzito wa swali.

Kwetu ni Unyamwezi, upande wa Sikonge, katika nchi ya miyombo. Warina asali hutundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti, na mvua zikiisha huingia porini wakakaa huko siku nyingi. Asali hurudi kijijini katika ndoo, na masega hukamuliwa. Masega yale yaliyokamuliwa ndiyo nta yenyewe, nayo mara nyingi hutupwa. Wapika wanzuki ndio watupaji wakubwa. Nyuma ya nyumba moja niliona lundo zima la masega likiliwa na viwavi. Ni jambo la kusikitisha, kwani nta ya nchi hii ina sifa tangu zamani. Katika utawala wa Wajerumani, kabla ya vita vya 1914, ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizopelekwa Ulaya, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ya bara ilipata njia nyepesi kuliko mabega ya wapagazi. Tena fikirini jinsi nta inavyopatikana. Nyuki kijana huitoa chini ya tumbo lake, vipande vidogo vyembamba kama magamba ya samaki, naye hula asali nyingi ili aweze kuitoa. Basi atupaye sega hutupa asali mara ya pili.

Masega nikiyapata nayaloweka usiku mmoja katika maji ya mvua ili utamu utoke, kisha nayachemsha polepole katika maji mengine ya mvua, ndani ya sufuria ya alumini. Maji ya kisima yenye chokaa huigeuza nta ikawa kama uji, na chombo cha chuma huitia weusi. Nachuja kwa gunia safi, nakamua, naacha ipoe hadi asubuhi. Alfajiri huikuta inaelea juu ya maji kama mkate wa manjano, na taka imeshika upande wa chini. Hiyo naikwangua kwa kisu.

Siku ya kutengeneza mishumaa nta haikutani na moto kabisa. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, chini sana ya maji yanayochemka, kwa hiyo nasimamisha sufuria ya nta ndani ya sufuria ya maji. Naomba atakayejaribu kazi hii asilidharau neno hili. Nta iliyozidi moto hushika moto yenyewe, na mtu akiimwagia maji huruka hewani na moto wake. Dawa ni kuifunika sufuria kwa mfuniko mzito na kuondoa kuni. Watoto wangu hawakaribii jiko jioni hizo.

Nta ya nyuki hung'ang'ania kalibu, kwa hiyo mimi hufuata njia ya kuchovya. Tambi sita zafungwa juu ya kijiti, zachovywa pamoja, zainuliwa, zaachwa zipoe, zachovywa tena. Mshumaa wa unene wa kidole gumba hutaka kuchovywa mara thelathini hivi. Mtu mwenye haraka ataona ni adhabu. Kwangu, baada ya juma zima la kelele za darasa la nne, ni mapumziko.

Wageni husifu nta, lakini utambi hawauulizi, na mshumaa hutegemea utambi. Ukiwa mnene mno moto huwa mkubwa na kutoa masizi; ukiwa mwembamba mno huzama katika nta iliyoyeyuka ukazimika. Mimi husuka nyuzi za pamba kama wasichana wanavyosuka nywele. Kusuka huko kuna maana, kwani utambi uliosukwa hujipinda pembeni unapoungua, ncha yake ikatoka katika moto na kuteketea. Wafaransa waligundua jambo hili katika miaka ya 1820; kabla ya hapo watu walikaa na mkasi mkononi wakikata ncha usiku kucha.

Darasani huonyesha jambo lingine. Nauzima mshumaa kwa pumzi, na moshi mweupe unapopanda naleta kiberiti juu yake, mbali kidogo na utambi. Moto hushuka kwa njia ya moshi ukauwasha tena. Ndipo watoto wanapofahamu kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta. Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London mambo kama hayo katika masomo yake juu ya mshumaa, yaliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1861.

Sasa nije kwenye bei. Msimu uliopita nta iliyokwisha kusafishwa niliinunua kwa warina asali shilingi 12,000 kilo moja. Kilo moja hunipa mishumaa 18 ya gramu 50, kwa maana nyingine hubaki sufuriani au hupotea kwa taka. Uzi wa pamba ni shilingi 1,000, kuni 1,000, karatasi ya kufungia 400. Jumla ni shilingi 14,400, yaani kila mshumaa umenigharimu 800 kabla ya kuhesabu jasho langu. Nauza 1,200. Mshumaa wa dukani, uliofanywa kwa parafini, yaani nta itokayo katika mafuta ya ardhini, kwetu hupatikana kwa 300. Mtu akinishangaa simlaumu. Namwonyesha hesabu, naye hununua au haununui.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, alinijia mfanyabiashara mmoja kutoka mjini. Aliutazama mshumaa, akaunusa, akasema, "Mwalimu, hii ni mali. Nipatie mia nne kabla ya Krismasi, nitakupa shilingi elfu moja kila mmoja." Moyo wangu ulifurahi. Kisha akaendelea: nta iwe nusu, parafini nusu, na juu ya karatasi yaandikwe maneno "Nta Safi ya Nyuki." Parafini ataileta mwenyewe kwa shilingi 4,000 kilo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nitakufanyia ya aina mbili, kila moja na jina lake." Akacheka. "Mteja hasomi, Mwalimu, mteja hutazama rangi."

Sikumjibu siku ile ile, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa ya kweli. Faida ingekuwa zaidi ya maradufu, na nyumba yangu ina upande mmoja wa nyasi uliokuwa ukingoja bati. Mwalimu mwenzangu niliyemweleza alisema nakataa fedha kwa ajili ya neno lililoandikwa juu ya karatasi. Hakuna atakayekufa, wala moto hautabagua. Ni kweli, parafini si sumu wala si haramu, nayo huwaka vizuri. Angetaka mishumaa ya mchanganyiko iitwe ya mchanganyiko ningemfanyia usiku ule ule.

Mke wangu hakusema neno juu ya karatasi. Aliuliza hivi tu: "Parafini ikiingia sufuriani, Mzee atamwuzia nani nta yake?" Mzee huyo ni jirani yetu, mrina asali tangu ujana. Zamani masega aliwaachia wapika wanzuki bure. Sasa huyasafisha mwenyewe, na kwa fedha ya nta humlipia mjukuu wake daftari na sare. Kwa mishumaa mia nne ningehitaji nta kilo 22. Nusu yake ikiwa parafini, kilo 11 zingebaki mikononi mwa Mzee na wenzake, shilingi 132,000 zisizofika kijijini, na mwaka wa pili masega yangerudi kwenye lundo. Sikuwa nimeitazama hesabu kwa upande huo. Mfanyabiashara nilimpelekea neno kwamba haiwezekani, naye hakurudi. Mishumaa niliyouza Desemba ile ilikuwa 96. Bati bado.

Tangu hapo wanunuzi wameniuliza watajuaje kama nta ni safi, na swali lao ni la haki. Kuna jaribio ambalo mtu aweza kulifanya mezani. Nta zote huelea juu ya maji, na zote huzama katika spiriti ya kusafishia vidonda. Basi chukua spiriti katika glasi, utie kipande kidogo cha nta ambayo una yakini ni safi, kitazama. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga, mpaka kipande kile kikaribie kusimama katikati, hakipandi wala hakishuki. Sasa tia kipande unachokishuku. Parafini ni nyepesi kuliko nta ya nyuki. Kipande kikipanda juu upesi, kimechanganywa. Jaribio hili halifichui kila hila, lakini hila ya parafini hulifichua. Lifanyeni mbali na moto, kwa maana spiriti huwaka upesi.

Wengine huniletea mshumaa wakisema umeota ukungu. Si ukungu. Nta ya nyuki ikikaa muda, hasa penye baridi, hutoa unga mweupe juu yake. Ufute kwa kitambaa laini, utang'aa tena. Na wako wauzaji wanaosema ya kuwa mshumaa wa nta husafisha hewa ya chumba. Mimi silisemi hilo, kwani mshumaa wowote huila hewa ya chumba unapowaka. Ufungulieni dirisha, tena msiuache ukiwaka mkaenda kulala, wala msiuweke karibu na chandarua.

Kwa sasa nina kazi ngumu kidogo. Wazee wa kanisa wameagiza mshumaa mmoja mkubwa wa Pasaka, unene wa mkono wa mtu mzima. Nta ninayo, Mzee ameleta kilo nne za manjano nzuri kama yai. Shida ni utambi. Wa nyuzi tisa ulichimba shimo katikati ukazama. Wa nyuzi kumi na tano ulitoa masizi. Ijumaa hii nitasuka wa kumi na mbili.