Kiwashio: Somo la Moto kutoka Arua na Koboko

Walimu wenzetu wafundishao Kiswahili pwani hawana taabu wafikapo kwenye msamiati wa jikoni. Mwanafunzi akiulizwa moto wa nje huanzishwa kwa kitu gani, hujibu mara moja: kwa makuti makavu, kwa makumbi ya nazi, kwa vifuu. Sisi tulio Arua na Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, hatuna mnazi. Mwanafunzi wetu hulikariri neno "makuti" kama akaririvyo jina la mfalme wa kale, kisha hurudi nyumbani akamwashia mama yake moto kwa kitu ambacho hakijui jina kwa Kiswahili. Katika makala haya tumekusudia kukieleza kitu hicho, namna kinavyotayarishwa, na kwa nini tunaona kuwa kina haki ya kuingia darasani.

Kitu chenyewe ni kile chepesi na kikavu kinachopokea cheche au ulimi wa kwanza wa moto, kikautunza mpaka vijiti vishike. Sisi twakiita kiwashio. Neno hili limeundwa kwa mashina ya Kiswahili chenyewe: moto huwaka, mtu huuwasha, huwashia kitu fulani, na kitu hicho ni kiwashio. Ukiziandika hatua hizo nne ubaoni, umekwisha kufundisha mnyambuliko wa kitenzi bila ya kulitaja jina la kanuni yoyote. Ukitia na ukuni na kuni, unyasi na nyasi, utambi na tambi, umefundisha na ngeli pia.

Kamusi zetu za zamani zina hazina kubwa zaidi. Mna kupekecha moto, yaani kuutoa kwa kusugua mti juu ya mti. Mna ulindi, kijiti kigumu kizungushwacho kwa viganja, na uwimbombo, kipande cha mti laini ambamo ulindi huzungukia mpaka unga mweusi uanze kufuka. Mna gumegume, jiwe litoalo cheche likipigwa kwa chuma. Mna kijinga, ukuni uwakao ambao jirani huja kuuomba kwa jirani. Hata kiberiti, tunachokinunua dukani bila kukifikiria, kimepata jina lake kutoka Kiarabu, ambako neno hilo lina maana ya salfa. Leo kupekecha tunakusikia zaidi katika habari za wadudu wanaotoboa mbao na mahindi. Kazi ilipoachwa, neno nalo liliachwa.

Nchi yetu haikunyimwa viwashio. Wakati wa kiangazi, tangu Desemba hadi Machi, nyasi hukauka zikavunjika mkononi. Baada ya mavuno hubaki mabua ya mtama, maganda ya mahindi na mashina ya muhogo. Kuna magome yenye nyuzi, na kuna samadi kavu, ambayo haitoi mwali mkubwa lakini hushika kaa kwa muda mrefu. Kuna pamba, zao lililolimwa kwa miaka mingi upande wa Mto Naili. Kuna nta, maana watu wa West Nile ni warina asali, na kuna mafuta ya shea, yakamuliwayo na akina mama wa kaskazini.

Lakini kuokota si kutayarisha. Mvua zetu huanza mnamo Aprili na kuendelea mpaka Novemba, na katika miezi hiyo hata unyasi uliokauka vizuri huvuta unyevu wa hewa. Ukitiwa moto, joto la kwanza lote hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kiberiti huisha kabla unyasi haujashika. Kwa hiyo kazi ina hatua tatu. Ya kwanza ni kukausha: nyasi au magome huanikwa juani, kisha huwekwa juu ya uchaga wa jikoni ambako joto la mafiga huzifikia kila siku. Ya pili ni kufikicha na kuchambua, mpaka nyuzi ziwe nyembamba kama nywele na hewa ipite katikati yake, kwani uzi mwembamba hupata joto upesi kuliko mnene. Ya tatu ni kuhifadhi, katika kibuyu kikavu chenye kizibo au katika kopo lenye mfuniko.

Anayetaka kiwashio cha masika huongeza dawa. Nta huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, wala haiwekwi juu ya mwali wenyewe. Huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, na ikizidishiwa moto huweza kulipuka. Pamba huchovywa humo, ikakamuliwa, ikaachwa ipoe. Mafuta ya shea hufanya kazi iyo hiyo. Siku ya kuwasha, pamba hiyo huchambuliwa tena ili nyuzi zitokeze. Nyuzi huwa utambi, na nta huwa mafuta ya taa. Pamba tupu huwaka ikaisha mara moja, bali hii hudumu dakika kadhaa, hata vijiti vyenye unyevu vikapata nafasi ya kukauka na kushika.

Asiye na kiberiti huhitaji kiwashio cha namna nyingine. Vitambaa vya pamba halisi hutiwa katika kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo, kopo likawekwa juu ya makaa. Moshi hutoka tunduni. Ukikoma, kopo huondolewa, na halifunguliwi mpaka lipoe kabisa. Kwa kuwa hewa ilikuwa haba, kitambaa hakikuwa majivu bali kimegeuka kaa jepesi jeusi. Cheche moja ya chuma na gumegume huweza kukikamata, kikawaka chekundu bila mwali. Hapo hutiwa katikati ya kiota cha nyasi zilizofikichwa, mtu akapuliza polepole. Kiwashio hiki hakipakwi mafuta, maana mafuta huizuia cheche isishike. Na kazi yote hii hufanyiwa mahali palipofyekwa, maji yakiwa karibu, hasa wakati wa kiangazi ambapo upepo huweza kuupeleka moto shambani mwa jirani.

Mambo haya sisi hatukuyasoma chuoni. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka, na mwaka 1980 vita vilipoingia West Nile watu wengi mno walikimbilia Zaire na Sudan. Sisi tulizaliwa huko ukimbizini. Mama yetu alitusimulia kwamba wengine walibeba magodoro na wengine kuku, lakini bibi yetu alibeba kibuyu cha viwashio. Kiberiti kililowa siku ya kwanza. Jioni, familia zilizokuwa zimelala chini ya mti mmoja zilimjia bibi moja baada ya nyingine, na hakuulizwa mtu kama ni Mlugbara au Mkakwa au Mnubi. Tuliporejea, tukiwa watoto, kibuyu kilirudi nasi, nasi tukafundishwa kukijaza kila kiangazi kana kwamba safari nyingine i karibu.

Kiswahili nacho kina historia yake katika nyumba zetu, wala si historia nyepesi. Babu zetu wengi walikipata katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa Waganda wengi lugha hii ikabaki na sauti ya kizuizi cha barabarani. Mwaka 2005 katiba iliyorekebishwa ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria huweza kukiweka Kiswahili kwenye ratiba, lakini haiwezi kumwondolea mzazi kumbukumbu yake. Tumewahi kuulizwa na mzazi mmoja, kwa upole kabisa, kwa nini tunamfundisha binti yake maneno ya askari.

Hatukuwa na hoja ya kumjibu iliyo bora kuliko somo lenyewe. Darasa letu la Koboko, mji ulio karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, lina watoto wa nchi tatu. Tuliwaagiza kila mmoja alete kiwashio cha kwao. Waliokimbia vita vya Sudan Kusini walileta nyasi na samadi. Waliotoka Kongo walileta majani makavu ya mgomba. Wenyeji walileta pamba na mabua. Kila mmoja alikitaja kwa lugha ya mama yake, kisha tukatafuta la kusema kwa Kiswahili: kausha, fikicha, chambua, puliza, chochea, zima.

Mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa askari zamani, alisimama uani kutazama. Kiswahili tulichomsikia nacho miaka yote kilikuwa cha amri: simama, geuka, kimbia. Mtoto mmoja alipopuliza kwa pupa akaitawanya cheche, mzee alichutama kando yake akamwambia, "Taratibu, mjukuu wangu. Moto mchanga haupigiwi kelele." Watoto walicheka, naye akacheka. Mzazi yule aliyetuuliza alikuwapo. Hakutuambia kitu siku hiyo; wiki iliyofuata binti yake alileta kopo la nta, akasema mama ndiye aliyempa.

Ndugu walimu, jifya moja haliinjiki chungu. Kitabu ni jifya moja, mwalimu ni la pili, na la tatu ni kile ambacho mwanafunzi anakigusa kwao kila siku. Afundishaye Mombasa na ashike makumbi yake. Afundishaye penye ng'ombe na aanze na samadi. Sisi tutaendelea na pamba, nta na unyasi, na mtihani wetu wa mwisho wa muhula ni huu: mwanafunzi awashe moto mbele ya wenzake kwa njiti moja tu ya kiberiti, huku akieleza kwa Kiswahili kila anachokifanya. Wanaoshindwa kuwasha hawapotezi alama, maadamu wanaweza kueleza kwa nini haukuwaka.