Njia ya Shinkolobwe na chumba cha Zanzibar

Juma lililopita hatukuwaletea habari za mkutano wetu kwa sababu mkutano wenyewe haukuisha. Ulianzia Likasi, kwenye baraza la mama mweka hazina. Ukaendelea ndani ya taksi, upande wa Shinkolobwe, ukafika nasi mpaka kwenye matanga, ukarudi nasi usiku. Sokoni wengi wenu mmetuuliza kama ni kweli kikundi kinanunua nyumba Zanzibar. Basi tuwaeleze yote, msiyasikie nusu nusu.

Mwana wa dada yetu mmoja anafanya kazi Ubelgiji. Ni mtoto mzuri, haachi kumtumia mama yake pesa ya shule ya wadogo zake. Huko alikutana na wauzaji wa kampuni inayojenga vyumba vya watalii kando ya bahari, Unguja. Chumba kimoja ni dola 48,000. Unakinunua, na siku hiyo hiyo unatia sahihi mkataba wa pili, wa kuipangisha kampuni ile ile iliyokuuzia, kwa miaka mitano. Wao wanaweka vitanda, wanatafuta wageni, wanafua mashuka. Wewe unakaa kwako Likasi na kila mwaka unapokea asilimia 8 ya bei uliyolipa, wageni waje wasije. Tena una haki ya kulala humo bure majuma mawili kwa mwaka.

Hayo majuma mawili ndiyo yaliyotuteka. Wengi wetu hatujawahi kuona bahari. Kabla hata ya kuuliza bei, tulikuwa tumeshapanga nani ataenda na nani.

Mtoto alisema yeye na wenzake wawili watatoa sehemu kubwa, na likelemba yetu itoe dola 9,400. Hizo ndizo zote tulizo nazo. Tumeziweka kwa miaka sita, juma kwa juma, kutoka kwenye makala, mandazi na nguo za mitumba, kwa ajili ya kununua parsela na mashine ya kusaga mahindi.

Jumamosi ile tulikuwa na matanga ya mama mkwe wa mwenzetu, katika kijiji kimoja cha upande wa Shinkolobwe, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Tulijibana saba ndani ya taksi moja, na sufuria ya sombe magotini. Ilikuwa mwezi wa Septemba, jua linachoma, mvua bado, na miti ya porini imeanza kutoa majani mapya mekundu kama imewaka moto. Malori ya madini yanapita na kutufunika vumbi. Wanaume wanasukuma baiskeli zenye mifuko ya makala iliyopita vichwa vyao kwa urefu. Vichuguu ni virefu kuliko nyumba. Anayetafuta uzuri wa mkoa wetu apite huko mwezi huo, ila avae kitambaa cha kichwa asichokipenda.

Mgodi wenyewe hatukuingia. Ni marufuku, unalindwa, na hatumshauri mama yeyote kujaribu, kwa kuwa udongo wa pale una uraniamu. Ukiwa barabarani huoni kitu, ni pori tu. Lakini jina la pori hilo linajulikana duniani kuliko la Likasi. Madini yalionekana hapo mwaka 1915. Union Minière ikayachimba, kwanza kwa ajili ya radiamu iliyosafishwa Ubelgiji na kuuzwa kwa dhahabu nyingi. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, akapeleka New York kiasi cha tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe. Wamarekani wakayanunua kutengeneza bomu, na sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima la Agosti 1945 ilitoka hapa. Mwaka 1960, karibu na uhuru, mgodi ukafungwa na mashimo yakazibwa kwa zege. Wazee wetu waliobeba mawe yale kwa mikono hawakuambiwa ni mawe gani.

Kwenye matanga tulikaa karibu na Nkambo mmoja, mwenye macho makali na mdomo usiochoka. Aliposikia tunabishana habari za kodi ya nyumba, alicheka. "Wanangu, mimi nilikuwa bosi wa nyumba. Vyumba sita!"

Akatueleza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kobalti ilipoanza kuchimbwa kwa mikono pale Shinkolobwe, watu walimiminika kwa maelfu. Kijiji kikaota juu ya mgodi, na soko, na makanisa, na vilabu vya pombe. Nkambo aliuza shamba lake la mihogo, akafyatua matofali, akajenga vyumba sita na kuwapangisha wachimbaji. Walilipa kila Jumamosi, bila kuchelewa. "Nilinunua redio, nilisomesha wawili. Karatasi nilikuwa nayo, ina muhuri." Januari 2004 ikatoka amri ya Rais ya kufunga mgodi. Watu wakaendelea kuchimba. Mwezi wa Julai shimo likaanguka na kuua wachimbaji, na mwezi wa Agosti kijiji kizima kikavunjwa.

Tukamuuliza, na ile karatasi?

"Karatasi ninayo hadi leo. Iko ndani ya sanduku, na kitenge changu cha kuzikiwa. Ilisema nyumba ni yangu. Haikusema udongo ni wa nani."

Hakuna aliyecheka. Kwenye taksi ya kurudi tulinyamaza muda mrefu, tena si kawaida yetu.

Msituelewe vibaya: Zanzibar si Shinkolobwe, na nyumba ya serikali yenye sheria si kijiji cha wachimbaji. Lakini swali la Nkambo lilitufuata. Kwetu Kongo, sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mkongomani anaweza kupewa haki ya kudumu juu yake, ila mgeni hupewa ya miaka 25, inayoweza kuongezwa. Zanzibar nako ardhi ni ya Serikali tangu mapinduzi ya 1964. Mgeni anayenunua kwenye mradi uliokubaliwa hupata haki ya kupanga, hadi miaka 99. Ni haki ya kweli, watu wengi wanaishi nayo vizuri. Lakini huko wageni ni sisi, na aliyetutangazia alisema tu "mtakuwa wenye nyumba".

Siku ya Jumapili mweka hazina, aliyefundisha hesabu miaka mingi, akampigia mtoto simu na kumwomba aulize jambo moja dogo: chumba cha ukubwa ule ule, katika jengo lile lile, kisicho na ahadi ya kodi, ni bei gani? Jibu lilifika jioni. Dola 36,000.

Akachukua chaki, akaandika kwenye mlango wake wa jikoni. Asilimia 8 ya 48,000 ni 3,840 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni 19,200. Lakini tunalipa 12,000 zaidi ili tupewe ahadi hiyo. Toa 12,000 kwenye 19,200, zinabaki 7,200. Gawanya kwa mitano: 1,440 kwa mwaka, tugawane na vijana watatu, kabla ya kulipa kodi ya serikali na gharama za jengo, ambazo mkataba ulizitaja bila kuandika kiasi. Kumbe sehemu kubwa ya kodi ile ingekuwa pesa yetu wenyewe, tuliyompa muuzaji siku ya kwanza, naye akiturudishia kidogo kidogo huku sisi tukimshukuru. Na kampuni ikianguka mwaka wa pili, ile ya zaidi imekwenda nayo.

Mtindo huu si mpya, wala si wa wezi. Ufaransa umekuwepo miaka mingi. Watu wa kawaida hununua chumba kwenye makazi ya watalii, milimani au baharini, wakaipangisha kampuni miaka 9 au zaidi, na Serikali huwarudishia TVA ya nyumba mpya. Wengine walipata faida yao na wakatulia. Wengine kampuni zao zilifilisika, au zilipunguza kodi katikati ya safari, huku mkopo wa benki ukiendelea kudai kila mwezi. Mwaka 2020 korona ilipofunga mahoteli, wenye vyumba wengi walikosa kodi, kesi zikaenda hadi mahakama ya juu, ambayo mwaka 2022 ilisema kodi ile ilikuwa deni halali. Mkulima wa Ufaransa anaweza kungoja miaka miwili akiwa na wakili. Sisi wakili wa Unguja tungemlipa na nini? Tena kwa sheria yao, mwenye chumba akikataa kuongeza mkataba kwa kawaida lazima ailipe kampuni fidia ndipo aondoke na ufunguo wake. Mkataba wetu ulikuwa na kurasa kumi na nne, na habari za ufunguo baada ya mwaka wa tano zilikuwa mstari mmoja.

Hapo mama mmoja akasimama kututetea chumba, na tunaandika maneno yake kwa sababu yalikuwa na uzito. Mume wake alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioondoka kwa ule mpango wa 2003, wakapewa pesa mara moja. "Pesa ile ililiwa kwa mwaka mmoja," alisema. "Matanga, mashemeji, biashara ya samaki iliyooza. Ingekuwa imefungiwa kwenye ukuta wa nchi nyingine, shemeji gani angeifikia? Mnaogopa kampuni. Mimi naogopa ndugu." Wengi walitikisa kichwa kukubali. Hata sisi tunaoandika hatukuwa na jibu la haraka.

Lililotushinda zaidi ni jina. Kikundi chetu hakina bado karatasi za ASBL, kwa hiyo hati ingeandikwa kwa jina la mtoto. Tunampenda. Lakini ataoa, na mke wake hatujui sisi, na ajali haina hodi. Mama yake mwenyewe ndiye aliyelisema kwanza, akitazama chini, na tulimheshimu kwa hilo.

Tukapiga kura, wanachama ishirini na wanne. Kumi na watano walikataa pesa zisitoke sasa. Sita walitaka tununue. Watatu walinyamaza. Tulimwandikia mtoto barua ya shukrani na maswali: gharama za jengo kwa mwaka ni ngapi, nani analipa kodi kampuni ikifunga, pesa zinawekwa benki gani kabla jengo halijaisha, na ufunguo unarudi mkononi mwa nani, siku gani. Kampuni imejibu la kwanza na la tatu, vizuri kabisa. Kwa hayo mengine walituma picha za bahari. Mtoto alikasirika kidogo, kisha alimpigia mama yake kusema na yeye amewaomba wenzake wangoje.

Dola 9,400 ziko pale zilipokuwa. Tumeanza kushughulikia ASBL, na anayejua mtu wa kutusaidia kuandika sheria za kikundi atuone baada ya ibada. Jumamosi ijayo tunaenda Kikula kuangalia parsela. Mwenye kuiuza anasema karatasi zote ziko. Mweka hazina ameomba azione kwanza, na Nkambo ametuma salamu kwamba, akipata taksi, naye anakuja.