Gari la Kazi Gani?

Jumamosi ile tulifika kwenye duka la magari saa tatu asubuhi, mimi na mume wangu, theluji ikiwa imerundikwa pembezoni mwa uwanja kama vichuguu. Ilibidi iwe Jumamosi, maana hapa Minnesota sheria hairuhusu kuuza magari Jumapili. Tulikwisha kubakiza mawili tu: Toyota RAV4 ya haibridi na Subaru Forester. Hatujagusa hata mlango wa gari, kijana aliyetupokea akatuketisha, akatumiminia kahawa, akauliza swali lake la kwanza: "Mngependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?"

Mchana tuliporudi nyumbani, Dar es Salaam ikiwa ni saa tatu usiku, nilimpigia fundi wetu wa Ilala. Huyu amefungua kila gari lililowahi kuingia katika ukoo wetu. Nilimtajia magari yote mawili nikitegemea achague moja palepale. Hakuchagua. Aliniuliza, "Dada, gari la kazi gani? Unatembea kilomita ngapi kwa siku?"

Nimekaa na maswali haya mawili, la kijana na la fundi, majira yote ya baridi.

Mume wangu ni mtu wa Nakuru na kwake Subaru ni damu. Alikua akisikiliza Safari Rally redioni, na hadi leo atakusimulia Patrick Njiru na kile kigari cha Vivio mwaka 1993 kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa msoma ramani. Mimi nimetoka Moshi, na kwetu RAV4 imeishi na watu hadi ikapewa majina. Ile ya miaka ya 2000 mwanzoni tunaiita Kill Time, iliyoifuata tunaiita Miss Tanzania, na mtu akikutajia jina unajua mara moja taa zake zikoje na bei yake inacheza wapi. Kwa hiyo tulipoingia dukani kila mmoja alikuwa na gari lake moyoni, tukategemea muuzaji atatuamua.

Kuna jambo moja la huku nalipenda kwa dhati, nalo ni ile karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kila gari jipya. Ni sheria ya mwaka 1958, na watu bado huiita kwa jina la Seneta Mike Monroney wa Oklahoma aliyeipigania. Imeandikwa bei iliyopendekezwa na kiwanda, bei ya kila nyongeza, gharama ya kulisafirisha gari, na ulaji wake wa mafuta. Nilisimama kwenye baridi nikaisoma mstari kwa mstari. Kwenye yadi zetu nyingi bei haijaandikwa popote. Dalali anakutazama viatu kwanza, anakuuliza unafanya kazi wapi, ndipo anataja. Na kilomita zilizo kwenye dashibodi, ni nani ajuaye ni za kweli au zimerudishwa nyuma? Karatasi kama ile ingewaokoa wengi nyumbani.

Lakini karatasi inaishia kwenye kioo. Ukishaingia ndani, hesabu inageuzwa kuwa ya mwezi. Kijana alituandikia kiasi kidogo cha kupendeza, na nilipouliza ni kwa miezi mingapi akasema 84. Miaka saba! Nilitoa simu nikapiga hesabu yangu. Mkopo wa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 7, ukiulipa kwa miezi 60 utatoa kama dola 594 kila mwezi. Ukiuvuta hadi miezi 84 unashuka hadi dola 453 hivi, na hapo ndipo mtu anapopumua. Ila mwisho wa safari umelipa takriban dola 2,400 zaidi kwa gari lilelile. Juu yake zilikuwa zimeongezwa dawa ya kulinda rangi na hewa ya naitrojeni kwenye tairi, vitu ambavyo hatukuviomba. Nikaomba vifutwe. Mara mbili alikwenda kumuuliza meneja, mara ya tatu vikafutwa. Nililiona jambo hilo baya, na nalisema wazi kwa sababu ndugu zetu wengi wanaofika hapa wanatia sahihi bila kuuliza. Ukiwa mgeni, tena alama zako za ukopaji ndizo kwanza zinaanza kupanda, unaona aibu hata kuomba karatasi urudi nayo nyumbani. Iombe.

Wakati huohuo mdogo wangu, kule Moshi, alikuwa akichagua kati ya magari hayohayo kwa njia yetu. Anasambaza madaftari na vifaa vya shule Rombo na Mwanga, masika na kiangazi. Hakuwa na mkopo. Alikuwa na akiba, simu, na picha za magari yaliyotumika kutoka Japani: Forester ya injini ya cc 1,995, na Miss Tanzania ya cc 2,362. Akaingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, na hapo namba ndogo ya injini ikawa jambo kubwa. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 kwa yote mawili, na VAT ya asilimia 18 iko palepale. Ushuru wa bidhaa, hata hivyo, unafuata ukubwa wa injini: gari lililozidi cc 1,000 hadi cc 2,000 linatozwa asilimia 5, likizidi hapo ni asilimia 10. Bado hujagusa ule wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane. Kwa serikali, basi, Forester ilikuwa nafuu.

Akaenda kwa fundi wake. Naye akauliza lilelile: gari la kazi gani? Kisha akamwambia, "Shokapu ya RAV4 ninayo hapa leo. Ya Forester nitaagiza Dar, ije na basi, na wewe utasubiri na madaftari yako." Akamkumbusha na siku ya kuuza, kwamba mnunuzi akishauliza kama usajili ni wa namba D au namba E, swali linalofuata ni kama spea zinapatikana. Mdogo wangu akachukua RAV4 na kulipa ushuru mkubwa zaidi. Inaniuma kidogo kwamba kodi ilimpa adhabu kwa kuchagua gari linalotengenezeka alipo.

Nimewahi kumtazama fundi wa Ilala akikagua gari. Anafungua kifuniko cha oili na kupitisha kidole upande wa ndani, anakitazama kidole kwenye mwanga. Kisha anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Anahama silinda hadi silinda. Hasemi kitu mpaka amemaliza. Gari jipya la hapa halihitaji hayo, lina dhamana. Lakini ule utulivu wa mtu anayeulizia maisha yote ya gari, sikuuona dukani.

Basi nikajibu swali lake. Hospitali ninayofanyia kazi iko mji mwingine, maili 45 kwenda na 45 kurudi, karibu kilomita 145 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki 50, ni maili 22,500 kwa mwaka. RAV4 ya haibridi inakwenda kama maili 39 kwa galoni, Forester kama 29. Tofauti ni karibu galoni 200 kila mwaka. Petroli ikiwa dola 3, hizo ni dola 600. Forester tuliyoitaka ilikuwa chini kwa dola 3,000 hivi, kwa hiyo miaka mitano inarudisha pengo, na gari hili tunanuia kukaa nalo kumi. Mume wangu alipigania Forester vizuri: vioo vyake vipana, kimo chake cha sentimita 22 kutoka ardhini, magurudumu yote manne yanayovuta wakati wote. Kama ningekuwa nafanya kazi karibu, ningemkubalia. Alizitazama zile galoni 200 kimya, akasema haya, RAV4, ila tairi za theluji atachagua yeye. Ana haki, kwa sababu kuvuta kwa magurudumu manne hakukusaidii kusimama kwenye barafu.

Tulipolileta nyumbani nilimpigia fundi kwa video. Hakutaka kuona viti wala skrini. "Inama, nionyeshe chini." Nikapiga magoti kwenye theluji na tochi, nikaizungusha simu chini ya gari. Akaona ukoko mweupe kwenye vyuma, akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Akashtuka. "Dada, hiyo ni sawa na magari yanayobeba samaki kutoka soko la Feri. Yanaoza kuanzia chini, juu bado yanang'aa. Lioshe chini kila wiki." Sasa kila Jumamosi, nikitoka zamu, napita mahali penye mabomba yanayorusha maji kwa chini, nafunga vioo, nasikiliza maji yakigonga sakafu ya gari.